Kolaji ni nini? Picha ya vipande vinavyokumbuka vilikotoka

Kolaji ni picha inayotengenezwa kwa kubandika vipande vya vitu mbalimbali, kama vile karatasi, vitambaa, majani makavu, kamba au picha zilizokatwa magazetini, juu ya kitu bapa kama boksi, manila au ubao. Neno lenyewe asili yake ni Kifaransa, kutoka kitenzi chenye maana ya kubandika kwa gundi. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani atapata alama zake, na hakuna mwalimu atakayemlaumu. Lakini kiini cha kolaji bado atakuwa hajakigusa.

Kiini ni hiki: kipande kikiingia kwenye kolaji hakiachi kuwa kile kilichokuwa. Rangi ya kopo ukiipaka kwenye karatasi inakuwa mlima, basi. Kipande cha kitenge ukikibandika kiwe mlima, jicho linaona mlima, na palepale linaona kitenge. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja na hakuna linalolifukuza jingine. Anayetengeneza kolaji anafanya kazi na umbo, rangi, na maisha ya kwanza ya kile kipande.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa hili, na aliyeumia ni mtoto. Nafundisha shule ya msingi hapa Kigoma, na mwaka mmoja niliwapa darasa la tano kazi ya kolaji kuhusu mji wetu. Mvulana mmoja alitengeneza stesheni ya treni, pale Reli ya Kati inapoishia, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Behewa alilikata kwenye boksi la sabuni, na ubavuni mwake akabandika tiketi halisi ya treni, imekunjika, wino umeanza kufifia. Nikamwambia aifunike kwa karatasi ya rangi ili picha iwe safi. Akatii. Siku ya pili nikamuuliza ile tiketi aliitoa wapi. "Ya baba, mwalimu. Ndiyo aliyorudi nayo kutoka Tabora." Gundi ilikuwa imeshakauka, na nilipojaribu kuibandua ile karatasi, tiketi ikaanza kuchanika nayo. Nikaacha. Kitu pekee kwenye picha ile ambacho kilikuwa kimesafiri kwa treni kweli, ndicho nilichoamuru kifichwe.

Vitabu vya historia ya sanaa huianzia kolaji Ufaransa mwaka 1912. Mwaka huo Pablo Picasso alibandika kwenye mchoro wake kipande cha kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa kiti cha kusukwa, kisha akauzungushia mchoro mzima kamba halisi. Mwenzake Georges Braque naye akanunua karatasi ya kupamba ukuta iliyochapwa kama mbao, akaikata na kuibandika kwenye michoro yake ya mkaa. Jambo hilo lilishtua kwa sababu mpaka hapo mchoraji alitegemewa aigize kitu kwa mkono wake, siyo akibandike chenyewe. Ila kubandika kwenyewe ni kwa zamani zaidi. Japani, katika karne ya 12, mashairi yaliandikwa juu ya karatasi zilizoungwa kwa vipande vya rangi vilivyochanwa na kukatwa. Uingereza, katika karne ya 18, bibi mmoja aitwaye Mary Delany alianza akiwa na miaka zaidi ya 70 kukata maua kwa karatasi na kuyabandika juu ya karatasi nyeusi. Alimaliza zaidi ya 900, na leo yamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la British Museum. Karibu na kwetu yupo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ambaye anakata picha za magazeti ya mitindo na michoro ya vitabu vya tiba na kuziunganisha ziwe miili ya wanawake wa ajabu. Ukiitazama kazi yake kwa karibu unajiuliza hili ni bega au ni kipande cha pikipiki, na jibu ni vyote viwili.

Nikifundisha hapo huwa nakumbuka pia yale makaburi ya kale ya Kunduchi, kule pwani, ambayo nguzo zake zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Si kolaji, maana ile ni kazi ya uashi. Lakini fikra ni jamaa: bakuli limekuwa pambo la kaburi na bado ni bakuli, na kila anayeliangalia anajua limevuka bahari.

Hapa inabidi nitenganishe kolaji na mozaiki, kwa sababu mashuleni tunazichanganya kila siku. Mozaiki hutengenezwa kwa vipande vidogovidogo vinavyokaribiana ukubwa, vikapangwa kimoja kando ya kingine, kila kimoja kikitumika kama doa la rangi. Maharage mekundu yanakuwa paa, mahindi meupe yanakuwa ukuta. Ni kazi nzuri, inafundisha subira na mpangilio. Lakini mwalimu akichora nyumba ubaoni, watoto sitini wakaiiga, kisha wakajaza maharage ndani ya mistari, hiyo siyo kolaji hata akiiita hivyo kwenye andalio la somo. Tena niseme jambo lililo moyoni: maharage ni chakula, na kwenye nyumba nyingi za hapa kikombe cha maharage ni mboga ya siku. Ukitaka mbegu, omba yale yaliyotobolewa na wadudu, yanayotupwa wakati wa kuchambua.

Kwa kolaji, Kigoma ni mji wenye neema. Mafundi cherehani wa Mwanga na Ujiji wanafagia chini kila jioni vipande vya vitenge, vingi vikiwa vya kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Watoto wakienda kwa adabu, "Shikamoo fundi, tunaomba vipande vya shule," hurudi na mfuko umejaa. Dukani kuna maboksi. Kwenye ujenzi kuna mifuko ya saruji, ambayo karatasi yake ya kaki ni ngumu na ikikunjwa inashika mikunjo kama ngozi ya mzee. Majumbani kuna kalenda za miaka iliyopita. Maganda makavu ya mgomba yana rangi zote za udongo, kuanzia ya majani ya chai hadi karibu nyeusi, na kila moja lina mistari yake. Nyuzi za viroba vilivyochakaa, vile vya kubebea dagaa pale Kibirizi, hufaa sana kwa nyavu, na harufu yake haiishi haraka. Mwanzoni nilikuwa naviosha viroba hivyo mara tatu. Sasa hapana.

Kipindi cha kwanza cha kolaji sigawi gundi kabisa. Watoto wanamwaga vipande chini na wanavitazama. Wanavigeuza, wanaweka kimoja juu ya kingine, wanaondoa, wanarudisha. Hii ndiyo sehemu ambayo mgeni akichungulia dirishani ataona wanacheza, na ndiyo sehemu yenye kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu kolaji hufanyika kwenye kuchagua. Mtoto anayeshika kipande cha kitenge chenye mchoro wa jicho na kuamua kiwe samaki ameshafanya uamuzi wa msanii kabla mkasi haujaguswa.

Kuna kukata na kuna kuchana, na havifanani. Mkasi unatoa ukingo mkali, unaofaa meli, nyumba, nguzo. Mkono unatoa ukingo wenye nyuzinyuzi. Chukua ukurasa wa kalenda wenye rangi ya bluu uuchane polepole: pande moja inabaki na rangi mpaka mwisho, na pande nyingine inatoka na utepe mweupe mwembamba, kwa sababu rangi imechapwa juu tu na ndani karatasi ni nyeupe. Binti mmoja aligundua utepe ule peke yake. Alichana vipande kama kumi, akavipanga kimoja juu ya kingine huku weupe ukitazama juu, na Ziwa Tanganyika likawa na mawimbi yenye povu. Hakuna aliyemfundisha. Wenzake wa dawati moja waliacha kazi zao wakaanza kuchana.

Gundi tunapika wenyewe, kwa unga wa muhogo. Koroga vijiko vitatu vya unga kwenye kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka huku ukikoroga bila kuacha. Mwanzoni ni meupe kama maziwa. Ghafla yanazidi uzito na kuanza kung'aa, kwa sababu wanga uliomo kwenye unga umefyonza maji ya moto na kuvimba. Epua hapo, usisubiri yawe ugali. Pika ya siku hiyo tu, maana ikilala inachacha, na kazi zilizokauka zining'inizwe juu, mbali na mende na panya, kwani kwao ni chakula.

Tatizo linalowakatisha watoto tamaa ni boksi kujikunja. Wanamaliza kazi nzuri, asubuhi wanaikuta imepinda kama kigae. Sababu ni kwamba karatasi ikilowa gundi hutanuka, ikikauka husinyaa na kulivuta boksi upande wake. Dawa yake ni kubandika gazeti nyuma ya boksi siku ileile kwa gundi ileile, ili pande zote mbili zivutane sawa, kisha kazi ikauke ikiwa imelaliwa na matofali, katikati umeweka karatasi safi ya nailoni isigande.

Wakati wa kusahihisha nimeacha kuuliza kama picha inafanana na kitu halisi. Namwomba mtoto aniambie kila kipande kilikuwa nini kabla. Wengine wana jibu fupi, "karatasi tu," na hapo najua tuna kazi mbele yetu. Wengine wanaongea mpaka kengele inalia.

Yule binti wa mawimbi, ufukweni mwa ziwa lake aliwaweka wanawake watatu wanaoanika dagaa, kila mmoja na kitenge chake. Siku ya wazazi mama yake alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akasogea, akagusa kwa kidole vazi la yule mwanamke wa katikati. "Mwalimu, kitenge hiki nilijifungulia nacho," akasema. "Nilidhani kilishaisha chote." Kisha akamwita mdogo wake aliyekuwa mlangoni aje akione.