Mfalme hakukaa wiki nzima achorwe

Juzi tena. Kijana kaingia karakana, kafungua simu, kanionyesha picha ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, na joho lake la manyoya. "Fundi, wazee wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Nataka potreti iwe hivi hivi. Si ndiyo ilikuwa kamera yao? Mtu anakaa, anachorwa alivyo." Nimeyasikia maneno haya kwa wateja wengi mno, na safari hii nimeamua kuyaandika, mteja ajaye asome huku akisubiri chai.

Dhana: potreti za kifalme zilikuwa kamera ya zama zile.

Tuanze na hiyo hiyo ya kwenye simu. Mchoraji Hyacinthe Rigaud aliimaliza mwaka 1701, kanvasi yenye urefu wa karibu mita 2.8. Mfalme alikwishapita miaka 60, na jongo linamsumbua. Sasa tazama miguu: soksi nyeupe, viatu vya visigino vyekundu, mashavu ya miguu ya kijana mcheza dansi. Louis alicheza dansi kweli, lakini ujanani. Uso ndio wa mzee, mashavu yameanza kulegea, na uso huo ulichorwa kwenye kipande kidogo cha kanvasi, kisha kikaungwa katika kile kikubwa. Yaani mfalme alitoa uso wake tu. Daftari za hesabu za Rigaud zimebaki, na zinaonyesha malipo kwa wasaidizi: huyu wa vitambaa, yule wa maua.

Mchoraji Van Dyck kule London ndiye aliyeipanga kazi hii kuliko wote. Tajiri mmoja, Everhard Jabach, ambaye alichorwa naye zaidi ya mara moja, alisimulia utaratibu wake: kila kikao saa moja, basi. Saa ikitimia anainuka, anainama kwa heshima, anapanga siku nyingine, na mtumishi anasafisha brashi kwa ajili ya mgeni anayefuata. Nguo zinaletwa karakana, wasaidizi wanazichora bila mwenyewe kuwamo. Mikono? Aliajiri watu wa kumkalia kwa ajili ya mikono tu! Ndiyo maana wateja wake wengi wana vidole virefu, laini, vya familia moja. Ukisimama mbele ya picha ya namna hii anzia mikononi, uso utakusubiri.

Na Charles I, mfalme wa Uingereza aliyechorwa na Van Dyck, alikuwa mfupi. Katika ile picha ya mawindo iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, Van Dyck kamwinamisha farasi kichwa, kaweka jicho la mtazamaji chini, na ufupi umeyeyuka. Kamera gani inafanya hivyo?

Picha hizi zilitumwa kama barua yenye mhuri. Ile ya Rigaud ilikusudiwa mjukuu, Philip V, aliyekuwa ametoka tu kurithi kiti cha Hispania. Babu akaipenda, akabaki nayo, akaagiza nakala. Mchoraji Allan Ramsay alipomchora George III, mfalme wa Uingereza, na vazi la kutawazwa, karakana yake ilitoa nakala kwa makumi, zikaenda kwa mabalozi na magavana wa makoloni. Mfalme hakukalia hata moja kati ya nakala hizo.

Dhana: mchoraji Holbein alimdanganya Henry VIII, mfalme wa Uingereza, kwa kumpamba mchumba wake Anne wa Cleves kwenye picha.

Mjumbe wa mfalme aliyekuwa huko huko alimwandikia kwamba picha inafanana na mwenyewe. Ndoa ilipovunjwa mwaka 1540, aliyekatwa kichwa mwezi huo huo ni waziri Thomas Cromwell, aliyeisukuma ndoa hiyo. Mchoraji hakuguswa.

Dhana: mchoraji Goya aliidhihaki familia ya Charles IV, mfalme wa Hispania, alipoichora.

Aliwachora kwanza mmoja mmoja, kila mtu akajiona. Wakaridhika, na Goya akabaki mchoraji mkuu wa ikulu. Dhihaka tumeiweka sisi.

Dhana: watu wote wa kwenye potreti hizo walikuwa weupe kama chokaa.

Poda ilikuwepo, sikatai. Lakini nyuso nyingi alizochora Mwingereza Joshua Reynolds zimepauka kwa sababu alitumia wekundu wa kamini, rangi isiyovumilia mwanga. Damu imewatoka mashavuni ukutani, miaka mingi baada ya kikao. Kwa hiyo ukija kuniambia "ning'arishe kidogo, fundi, kama wale", jua unaomba kuchorwa kama rangi iliyokufa. Sifanyi.

Dhana: picha ikiwa na giza, isugue kwa kiazi.

Giza hilo mara nyingi ni vanishi iliyozeeka na masizi. Kiazi kinaacha wanga, wanga unaita ukungu na wadudu. Acha.

Kijana wangu ameelewa nusu. Kaleta joho la baba na gauni la mama, vyote vimepigwa pasi, navyo viko mabegani mwa sanamu ya mbao tangu Jumatatu. Wazee wenyewe nimewaomba saa moja moja tu, Jumamosi asubuhi, kabla jua halijahamia dirisha la pili.