Je, wajua kwa nini jiwe la ziwani hupasuka motoni?

Mwanza hatuna shida ya mawe. Mkishuka ufukweni jioni na sato wawili watatu na sufuria, kilicho rahisi ni kuokota mafiga pale pale maji yanapopiga, yale mawe laini ya mviringo, na kuwasha moto. Mafiga hayo ni hatari.

Jiwe gumu nalo lina vinyufa ambavyo jicho halivioni. Likikaa ziwani miaka na miaka, maji hupenya humo. Ukilianika juani mchana mmoja, hukauka ngozi tu. Ndani bado limelowa. Sasa litie motoni. Kwa kuwa Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi na mvuke ukaenda zake. Yale yaliyofungiwa ndani ya jiwe hayana pa kutokea. Yanazidi kupata moto, yanasukuma kuta, kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Jiwe likizidiwa, paa! Vipande vya moto vinaruka, na aliyechuchumaa kugeuza samaki uso wake uko hapo hapo.

Mara nyingine hutoa dalili: linalia ssss kama kuni mbichi, au tone la maji linatokota kwenye ufa. Ukiona hivyo usiliguse wala usilimwagie maji. Waondoe watoto kwanza, kisha nawe urudi nyuma mpaka moto ufifie.

Mafiga yatafute juu, mawimbi yasikofika. Mazuri zaidi ni yale yenye masizi, yaliyokwisha kupikiwa mara nyingi, mradi hayajanyeshewa. Hata hayo yaanze kwa moto mdogo, maana graniti yetu ina chembe za aina kadhaa, na kila aina hutanuka kwa kiasi chake. Ndiyo sababu mwamba uliowashiwa moto huambuka maganda.

Mkimaliza kula, vuteni makaa pembeni kwa mti, myamwagie maji mengi hadi yaache kufuka moshi. Mafiga yaacheni yapoe yenyewe. Nawasihi, makaa msiyafukie mchangani: mchanga huyatunza na joto lake kwa saa nyingi, na kesho yake asubihi mtoto anayekuja pekupeku kuchota maji haoni kitu.