Ukungu mweupe kwenye modeli si dalili ya vanishi feki

"Nimeuziwa feki!" Ndivyo wengi Tanga wanavyolalamika modeli yao ya ndege ya plastiki ya 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) inapopata ukungu mweupe baada ya kupuliziwa vanishi ya kopo. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Tina (kiyeyushi cha vanishi) iliyomo ikikauka haraka hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa ya pwani, hasa masika, hugeuka matone madogo mno yanayonaswa humo. Usipulizie jioni wala mvua ikitoka kukatika. Ngoja mchana mkavu. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 25, pitisha tabaka jepesi, subiri dakika 15, rudia. Ukungu ukishatokea, tafadhali usikimbilie msasa: tabaka jepesi la vanishi ileile, siku kavu, mara nyingi huufuta. Bado unalishuku kopo? Lijaribu kwenye kijiko cha plastiki.