Kibali cha maadili hakirudi nyuma: neno kwa wanaotafiti uongozi, afya na teknolojia

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukikaribia, barua pepe zinazoingia kwenye sekretarieti ya kamati yetu ya maadili ya utafiti hufanana kama watoto wa tumbo moja. "Nimeshamaliza kukusanya data. Msimamizi wangu anasema nahitaji kibali. Naomba nikipate kabla ya Ijumaa." Mwandishi huambatisha na ushahidi wa bidii yake: madodoso yote yaliyojazwa, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mengine yakiwa na majina na namba za simu za waliojaza. Hapo huwa nakifunga kiambatisho kabla sijasoma zaidi. Mtu, kwa nia njema kabisa, amenitumia siri za watu huku akiniomba nithibitishe kwamba amezitunza.

Maombi ya namna hii yameongezeka, na malalamiko ya washiriki wa tafiti nayo yameongezeka, ndiyo maana tumeona tuandike. Jibu la ombi lile ni fupi: haiwezekani. Kamati inapopitia andiko la utafiti inaamua kama watu wakaribishwe kushiriki na kwa masharti gani. Wakishashiriki hakuna cha kuamua tena. Wala huu si ukali wa ofisi yetu peke yake. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2024, linataka andiko lipitishwe na kamati kabla utafiti haujaanza. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba nao walikubaliana kwamba kuanzia 2005 hawatachapisha jaribio la tiba ambalo halikusajiliwa kwenye rejista ya wazi kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza.

Wapo wanaodhani ukiandika tu "kibali kilipatikana" hakuna atakayeuliza. Huulizwa, hata baada ya miaka mingi. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyoashiria uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wengi wanakumbuka madhara yake kwa chanjo. Sisi wa kamati tunakumbuka pia kwamba jarida lilipoifuta makala hiyo Februari 2010, miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kwamba maelezo ya uchunguzi ule kuidhinishwa na kamati ya maadili yalikuwa ya uongo. Baraza linalosimamia madaktari Uingereza lilibaini vilevile kwamba Wakefield alichukua damu ya watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe na kumpa kila mtoto pauni 5. Mwaka huohuo alifutwa kwenye daftari la madaktari.

Nikitoa mfano huo, wenzetu wa uongozi na utawala huniambia: "Lakini mimi simchomi mtu sindano, nagawa dodoso tu." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naijibu kwa kufungua dodoso lenyewe. Chukua dodoso la kawaida kuhusu mtindo wa uongozi katika taasisi. Ukurasa wa kwanza unauliza idara, jinsia, kundi la umri, kiwango cha elimu na miaka ya kazi. Juu kabisa kumeandikwa kwa herufi nzito: USIANDIKE JINA LAKO. Ukurasa wa tatu unauliza kama msimamizi wako huwa anawadhalilisha walio chini yake. Sasa fikiria idara ya maabara yenye watu sita, mwanamke mmoja tu mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini. Ana haja gani ya kuandika jina? Amejitaja kwa alama nne za vema. Mkurugenzi aliyeruhusu utafiti ufanyike huomba "nakala ya matokeo", mtafiti anampa jedwali lote lilivyo kwa sababu ndiye aliyemfungulia mlango, na wiki mbili baadaye mama yule anaitwa kujieleza.

Hayo si ya kubuni mezani. Mwanasayansi wa kompyuta Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba karibu asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Matatu. Madodoso ninayoletewa huuliza saba au nane, na ukimuuliza mwenye nayo umri na idara vitamsaidia nini kwenye uchambuzi, anasema aliyakuta kwenye tasnifu ya mwenzake. Usichokihitaji usikiulize. Unachokihitaji, kipange katika makundi mapana, na lisichapishwe kundi lenye watu wachache kiasi cha kuwahesabu kwa vidole.

Kuna jambo jingine kuhusu tafiti za uongozi ambalo hata wasimamizi wanalipita. Meneja wa rasilimali watu anapowatumia wafanyakazi kiungo cha dodoso na kuandika "nawaomba wote mjaze kabla ya saa kumi", hiari imekwisha hapo. Mfanyakazi hatajua kama kukataa kutaandikwa mahali. Kiungo kitoke kwa mtafiti, na bosi asijue nani kajaza na nani hakujaza.

Nguvu ya cheo si jambo la kudhani tu. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya akili Charles Hofling na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa uongozi na wa uuguzi wangenufaika kulisoma pamoja. Wauguzi 22 walipigiwa simu wodini na mtu aliyejitambulisha kama daktari, ambaye hawakuwa wakimfahamu, akawaagiza wampe mgonjwa miligramu 20 za dawa ambayo lebo yake ilisema mwisho ni miligramu 10. Maagizo ya dawa kwa simu yalikuwa kinyume cha taratibu za hospitali. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kuitoa, wakazuiwa njiani. Dawa yenyewe ilikuwa ya bandia, isiyo na madhara. Matokeo yake yana uzito mpaka leo. Lakini wauguzi wale hawakujua kwamba wanatafitiwa, na wote isipokuwa mmoja walikuja kujifunza jambo baya kuhusu nafsi zao bila kuombwa. Andiko kama hilo likija kwetu leo litakwenda kwenye kikao kizima, na sina hakika litapita.

Wenzetu wa afya hawanipi shida ya kujua kwamba kibali kinahitajika. Wanajua, na wanajua kwa nini: huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, walifuatiliwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli, na penisilini ilipokuwa tayari tiba ya kawaida hawakupewa. Shida ya watu wa afya ni kuamini kwamba ridhaa ni kutia saini tu. Fomu ina kurasa tisa, mgonjwa yuko kwenye foleni, na anayempa kalamu ni daktari yuleyule atakayemwona baada ya dakika kumi. Atakataa vipi? Ndiyo maana tunataka ridhaa iombwe na mtu asiye kwenye timu ya matibabu yake, na mgonjwa aambiwe wazi kwamba akikataa tiba yake haitabadilika.

Katika kamati yetu yumo mjumbe asiye mtaalamu wa fani yoyote ya sayansi, na kamati nyingi duniani huwa naye. Katika kikao kimoja aliinua fomu akauliza: "Hapa mmeandika 'utapangwa kinasibu katika mkono wa utafiti'. Mkono wa nani?" Madaktari wote walicheka, kisha wakanyamaza. Sentensi ikaandikwa upya: "Kompyuta itachagua, kama kura, utapata dawa mpya au dawa inayotumika sasa. Wewe wala daktari hamtachagua." Ilichukua dakika mbili. Andiko lilikuwa limeshapitiwa na maprofesa watatu.

Kundi la tatu ni la sayansi tumizi, na hili ndilo linaloshangaa kuliko yote linapoambiwa lije kwetu. Anayetengeneza saa ya kupima mapigo ya moyo, programu ya simu ya kufuatilia usingizi, au mfumo wa akili mnemba unaosoma picha za eksirei hujiona anafanya kazi na mashine. Lakini mapigo yale ni ya mtu, na picha zile zilipigwa kwa wagonjwa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ambao watumiaji 689,003 wa Facebook walibadilishiwa machapisho wanayoyaona ili kupima kama hisia huambukizana. Hakuna aliyechomwa sindano, na hakuna aliyeulizwa. Utetezi kwamba walikubali masharti walipofungua akaunti haukuituliza hasira ya umma, na jarida lenyewe likalazimika kuchapisha tamko la wasiwasi la mhariri.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe polepole kwa sababu ndipo tunapopoteza muda mwingi wa simu. Maombi hupita njia moja kati ya tatu. Kazi isiyogusa watu wanaoweza kutambulika, kwa mfano kuchambua takwimu zilizokwisha kuchapishwa, huweza kusamehewa mapitio; lakini msamaha huo unatolewa na kamati, hujipi mwenyewe. Kazi yenye hatari ndogo, kama madodoso na mahojiano ya kawaida, hupitiwa kwa njia ya haraka na wajumbe wawili au watatu. Kazi inayohusu dawa, damu, watoto, wafungwa, wagonjwa mahututi au kuwaficha washiriki ukweli huenda kwenye kikao kizima. "Njia ya haraka" haina maana ya kesho. Maana yake ni kwamba haisubiri kikao.

Pamoja na andiko lete dodoso katika lugha watakayolisomea washiriki, fomu ya ridhaa, maelezo ya mahali data itakapokaa na siku itakapofutwa, na tamko la maslahi, yaani kama una faida yoyote binafsi katika utafiti huo. Andiko likikosa kimoja halipangiwi mpitiaji, hukaa. Kibali kikitoka kina tarehe ya mwisho, kwetu ni mwaka mmoja, na uhuishaji unaombwa kabla hakijaisha. Ukibadili swali moja, ukiongeza eneo, ukibadili msaidizi anayekusanya data, unaleta ombi la marekebisho na unasubiri jibu. Mshiriki akipata madhara makubwa unaripoti mara moja, bila kusubiri kujua kama yametokana na utafiti wako. Kuchunguza hilo ni kazi inayofuata. Na ukimaliza, ripoti ya kufunga. Karibu kila mtu huisahau ripoti ya kufunga.

Anayekiuka hukutana kwanza na barua ya kusimamisha utafiti wake. Data iliyokusanywa bila kibali haitumiki kwenye tasnifu, hata kama ni nzuri, na mwanafunzi hulazimika kuanza upya au kubadili mada. Aliyekwisha chapisha, jarida hujulishwa, na kufutwa kwa makala hubaki mtandaoni chini ya jina lake. Mfadhili hujulishwa pia, na baadhi hudai fedha zao. Mwenye leseni ya taaluma anaweza kupelekwa kwenye baraza lake. Msimamizi aliyejua akanyamaza naye huandikiwa. Hili huwashangaza wasimamizi.

Kwa wewe unayeombwa kushiriki: una haki ya kubaki na nakala ya maelezo ya utafiti, kuuliza namba ya kibali, na kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Namba ya kamati lazima iwe kwenye karatasi hiyo. Ipige. Huhitaji ushahidi wala wakili, na hatumwambii mtafiti nani kalalamika. Ukikuta karatasi haina namba ya kamati, usijaze kitu hadi uonyeshwe kibali.

Na kwa aliyekwisha kusanya data bila kibali na anasoma hapa akitokwa jasho: simamisha leo. Usifute chochote, kwa sababu kufuta kunageuza kosa la kutojua kuwa kosa la kuficha. Andika ukurasa mmoja, umefanya nini, lini, kwa watu wangapi, data iko wapi na nani ameiona. Msimamizi wako asaini, kisha ulete sekretarieti kwa mkono. Madodoso yenyewe yaache yalipo, kwenye kabati lenye kufuli, mpaka kamati ikuelekeze.