Tonge la Wali Kabla ya Alfajiri

Nilipoanza kujifunza Kikhmer nilifurahi kukuta kwamba watu wa Kamboja, kama sisi, hawachanganyi mpunga, mchele na wali. Ulioko shambani ni srov, wa guniani ni angkor, uliokwisha kupikwa ni bay. Kwa hiyo nilipotajiwa bay ben, nusu ya maana nilikuwa nayo tayari. Ben limetokana na neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, pinda: tonge.

Matonge hayo ndiyo yanayoipa jina Pchum Ben, siku 15 za kuwakumbuka wafu, ambazo huangukia Septemba au Oktoba, mwezi unapopungua mpaka giza totoro. Saa kumi usiku watu hufika kwenye wat, yaani hekalu na makazi ya watawa, wakiwa na wali wa kunata uliochanganywa na ufuta. Huzunguka jengo la ibada mara tatu, wakirusha matonge gizani. Lazima iwe giza, kwa sababu wanaolishwa ni pret, mizimu inayoteseka kwa matendo yake ya duniani. Huogopa mwanga, na midomo yao ni midogo kama tundu la sindano. Inasemekana mzimu huwatafuta jamaa zake hadi katika wat saba, usipowaona, huwalaani.

Mara nyingi naulizwa: si ni tambiko tu hilo? Nusu ni kweli. Kunapokucha, familia zilezile huwapelekea watawa chakula. Watawa husoma aya, majina ya marehemu hutajwa, na kinachomfikia marehemu hapo ni thawabu ya sadaka; chakula chenyewe wanakula watawa, kabla ya saa sita mchana. Hayo ndiyo mafundisho ya Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Kamboja. Tonge la usiku, lakini, halipiti kwa mtawa yeyote. Linatoka mkononi mwa aliye hai kwenda kinywani mwa mfu. Wapo watawa wasiopenda wali utupwe chini, na katika baadhi ya wat huwekwa kwenye sinia. Mimi naona tonge lile linabeba jambo ambalo sadaka ya asubuhi hailifikii.

Kwa kawaida Wakhmer huchoma maiti, na majivu huhifadhiwa mara nyingi ndani ya chedei, mnara mdogo uani mwa wat. Kati ya 1975 na 1979, chini ya Khmer Rouge, utawala wa kikomunisti wa Pol Pot, walikufa watu takriban milioni 1.7. Watawa walivuliwa majoho, wat zikageuzwa maghala na magereza. Familia nyingi hazina majivu wala kaburi, wala hazijui ndugu yao alianguka wapi.

Mwaka mmoja, karibu na mji wa Battambang, nilimfuata yeay mmoja, bibi aliyekuwa akitaja jina kwa kila tonge alilorusha: kaka, kaka, mume, mtoto. Majina yalipokwisha, sahanini mlikuwa bado na wali. Akanitia tonge mkononi, akasema, “Hili la wasio na mtu.”