Mvua imekatika, mlima haujakauka

"Mvua imeisha, injinia, tunarudi ndani." Maneno haya nimeambiwa Kadutu, nimeambiwa Panzi na Bagira, kila mara na mtu mwenye godoro kichwani. Kazi yangu ni kupima viwanja vya mteremko hapa Bukavu, na kama kuna dhana moja ningeizika leo, ni hii kwamba jua likitoka hatari ya maporomoko ya ardhi imekwisha.

Udongo wetu mwekundu ni mwamba wa volkano uliooza, ukageuka mfinyanzi. Haunywi maji kwa haraka, na ukishayanywa hauyatoi kwa haraka. Mvua ikikatika saa kumi jioni, maji yaliyokwisha kuingia ardhini bado yamo njiani, yanashuka taratibu mpaka yakutane na tabaka yasiloweza kulipenya. Hapo yanajazana, yanasukuma chembe za udongo zisibanane tena. Kinachoshikilia mteremko, kwa sehemu kubwa, ni huo msuguano wa chembe. Ndiyo maana kilima kinaweza kushuka asubuhi ya mbingu safi, nguo zikiwa kwenye kamba. Na manyunyu ya siku ya sita yanaweza kuangusha kile kilichostahimili mvua kubwa ya siku ya kwanza.

Mama mmoja alinionyesha ufa nyuma ya jiko lake. Alikuwa ameuziba kwa simenti, na simenti yenyewe imepasuka katikati. Jamani, ufa hauzibwi ili usionekane! Tulipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, tukapima: sentimita 21. Kesho yake jua kali mchana kutwa, hakuna tone. Jioni: sentimita 24. Hakuniuliza tena kama mvua imeisha. Alifunga vitu, akawapeleka watoto kwa dada yake.

Wengi huniuliza kama mikaratusi itazuia kilima kisishuke: panda, sikatazi. Mizizi inashika udongo wa juu, na kwa maporomoko madogo inasaidia. Lakini penye mteremko kama wa mtaa wetu wa Funu, unaotembea kutoka ndani sana ya ardhi, miti inasafiri pamoja na nyumba. Kabla hujaniuliza mti gani upande, nionyeshe maji ya paa lako yanakwenda wapi. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 50: hizo ni lita 2,000, mabidoni 100 unayomwaga ukutani kwako mwenyewe. Ongeza bomba linalovuja wiki nzima bila mtu kujali. Mfereji wa paa na mtaro wa saruji unaofika kwenye mfereji mkubwa, si kwa jirani, ndiyo dawa yangu ya kwanza, hata wakinicheka.

Nyumba ya matofali si salama kuliko ya mbao. Ni nzito zaidi, na msingi ukivutwa inapasuka wakati ya mbao bado inapinda. Ukuta wa mawe usio na matundu ya kutolea maji ni bwawa, na bwawa likijaa linakuangukia.

Wengine hujifariji kuwa wanakaa tambarare. Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, zipo chini kando ya Ziwa Kivu, si juu ya kilele. Tarehe 4 Mei 2023 mito iliwaletea mawe na matope kutoka milimani, wakafa zaidi ya watu 400. Tambarare iliyo mdomoni mwa bonde ililetwa hapo na mafuriko ya zamani; angalia mawe yaliyolala shambani.

Siku ile ya vigingi, nilipokuwa nateremka, nilimkuta jirani wa chini ya yule mama akikata ukingo kwa jembe, apate nafasi ya chumba cha kupangisha. Alikuwa amekwisha kula kama mita mbili za mguu wa kilima. Nikamuuliza kwa nini leo.

"Si mvua imekatika, papa? Udongo ni laini, ndiyo wakati wa kuchimba."