Seleniamu na Ubongo: Kiasi Kinachotosha na Pale Kinapozidi

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 za seleniamu, madini yanayopatikana kwenye chakula, kwa siku. Mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu, hivyo mahitaji ya mwaka mzima ni miligramu 20 tu, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu. Kwa kuwa ni kidogo namna hiyo, ni rahisi kukosea pande zote mbili. Wapo wanaokula na kushiba kila siku na bado wakapungukiwa, kwa sababu udongo uliootesha nafaka yao hauna madini haya ya kutosha. Wapo pia wanaomeza vidonge kwa kuhofia kupoteza kumbukumbu uzeeni, wakajilundikia seleniamu mpaka ikawa sumu. Kosa hili la pili linatutia wasiwasi zaidi, maana mtu hulifanya kwa nia njema kabisa.

Kazi yake kichwani

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Penye matumizi makubwa ya oksijeni huzalishwa peroksidi na mabaki mengine makali yanayoharibu mafuta, na kuta za seli za neva zimejaa mafuta ya aina inayoharibika upesi. Mwili hupambana na mabaki hayo kwa vimeng'enya. Baadhi ya vile muhimu zaidi, vya jamii ya glutathioni peroksidasi, hufanya kazi kwa kutumia seleniamu iliyojengwa ndani yake. Vingine huigeuza homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, kutoka umbo lake tulivu hadi lile linalofanya kazi, na homoni hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Kwa jumla binadamu ana jeni 25 za protini zenye seleniamu.

Seleniamu haiendi kichwani ovyo. Ini huipakia kwenye protini iitwayo selenoprotini P, nayo husafiri na damu hadi kwenye ubongo, ambako ina vipokezi vyake. Upungufu unapoingia, mwili hugawa kwa upendeleo: ini na misuli hupungukiwa mapema, ubongo hushikilia fungu lake hadi mwisho. Panya wasio na jeni ya selenoprotini P, wakilishwa chakula chenye seleniamu haba, hupata degedege na kushindwa kutembea sawasawa.

Kutokana na mpangilio huo, mtu ambaye tayari anapata seleniamu ya kutosha hatarajiwi kuunufaisha ubongo wake kwa kuongeza nyingine. Jambo hilo limepimwa. Nchini Marekani, wanaume 7,540 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifuatiliwa wakipewa mikrogramu 200 za seleniamu kwa siku, au vitamini E, au vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: hakuna kilichozuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kuna jaribio la Brazili la mwaka 2015 ambamo wazee wenye dalili za awali za usahaulifu walikula njugu moja ya Brazili (kokwa la mti lenye seleniamu nyingi) kila siku kwa miezi sita, na wakafanya vizuri zaidi katika baadhi ya vipimo vya lugha na uchoraji. Walikuwa watu 31 tu. Inatia moyo, lakini haitoshi kumwandikia mtu yeyote vidonge.

Kila kitu kinaanzia kwenye udongo

Mimea mingi ya chakula haihitaji seleniamu ili istawi. Mahindi, ngano au mchele unaweza kukua vizuri, ukajaa punje, na ndani usiwe na seleniamu ya maana. Mkulima hataona dalili yoyote shambani. Kwenye udongo wenye asidi nyingi na chuma nyingi, madini haya hung'ang'ania udongo na mizizi haiyapati. Kwenye udongo wenye chokaa huchukuliwa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana jedwali lolote la seleniamu katika nafaka na kunde lisomwe kama makadirio tu, maana nafaka ileile ya shamba jingine inaweza kutofautiana nayo mara nyingi.

Athari zake zinajulikana. Katika wilaya ya Keshan nchini China, udongo maskini wa seleniamu ulihusishwa na ugonjwa wa misuli ya moyo ulioua watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Finland, nchi nyingine yenye udongo wa aina hiyo, iliamua kuchanganya seleniamu kwenye mbolea kuanzia mwaka 1984, na viwango katika damu ya wananchi vikapanda. Anayekula zaidi nafaka na kunde za sehemu moja, bila samaki, mayai wala nyama, ndiye aliye karibu zaidi na upungufu. Kwake ushauri wa kwanza ni kuchanganya vyakula vilivyolimwa sehemu tofauti.

Hesabu ya sahani

Vyakula vinavyotokana na mnyama vinatabirika zaidi, kwa sababu mnyama mwenyewe anahitaji seleniamu na mara nyingi huongezewa kwenye chakula cha mifugo. Gramu 85 za jodari aliyepikwa zina takriban mikrogramu 92. Kipimo hicho hicho cha sadini wa kopo kina 45, kamba 42, maini ya ng'ombe 28, kuku 22. Yai moja lina 15, glasi ya maziwa 8. Kwa hiyo mayai mawili, kipande cha kuku na glasi moja ya maziwa vinafikisha mikrogramu 60, na siku imetimia bila kidonge. Ukichemsha chakula, sehemu ya seleniamu huhamia kwenye maji; mchuzi unywewe badala ya kumwagwa.

Mjamzito anahitaji 60 na anayenyonyesha 70. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 20, wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 30, wa miaka 9 hadi 13 anahitaji 40. Viwango hivi ni vya Marekani. Mamlaka ya chakula ya Ulaya hupendekeza 70 kwa mtu mzima. Tofauti hiyo isikusumbue, kwa kuwa sahani yenye samaki pamoja na mayai huvifikia vyote viwili.

Njugu za Brazili zinastahili onyo lake. Moja inaweza kuwa na mikrogramu 70 hadi 90, na nyingine ikawa na kidogo sana au nyingi kupita hapo, kulingana na mti ulipoota. Moja kwa siku inatosha. Kiganja kimoja cha njugu sita hadi nane kinaweza kubeba zaidi ya 500, na watu hutafuna kiasi hicho wakiongea bila kujua wamekula ngapi.

Kabla ya kumeza kidonge

Kikomo cha juu kwa mtu mzima nchini Marekani ni mikrogramu 400 kwa siku, kutoka vyanzo vyote. Mwaka 2023 Ulaya ilikishusha cha kwake hadi 255. Sisi tunashauri ufuate hicho cha chini, kwa sababu dalili ya mapema iliyotumika kukipanga, yaani kunyonyoka nywele, si jambo la kusubiri. Sasa jumlisha: njugu tatu za mikrogramu 90 ni 270, kidonge cha vitamini mchanganyiko chenye 55, na kidonge cha seleniamu cha 200. Jumla ni 525, na bado hujala chakula.

Soma lebo mstari kwa mstari na uhakikishe kipimo ni mikrogramu (mcg au µg), si miligramu (mg). Kosa la hapo ni la mara elfu moja. Mwaka 2008 nchini Marekani, kirutubisho cha maji ambacho lebo yake ilionyesha mikrogramu 200 kilikutwa na zaidi ya 40,000 kwa kipimo kimoja, na watu 201 wakaugua: nywele na kucha kudondoka, kuharisha, uchovu, maumivu ya viungo. Ukiona pumzi inanuka kama kitunguu saumu, mdomo una ladha ya chuma, kucha zinakatika au zina mistari myeupe, acha kidonge siku hiyo hiyo na upeleke chupa kwa daktari.

Vidonge hutofautiana kwa aina ya seleniamu iliyomo. Seleno-methionini, iliyo pia kwenye hamira yenye seleniamu, hufyonzwa kwa karibu asilimia 90. Inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo ikizidi huchelewa kutoka. Aina nyingine, selenaiti ya sodiamu, hufyonzwa kwa takriban nusu. Kama daktari amethibitisha upungufu, mikrogramu 50 hadi 100 kwa siku hutosha watu wengi. Mikrogramu 200 kwa miaka mingi si kipimo cha kujipangia: katika jaribio moja, waliomeza kiasi hicho walipata kisukari cha aina ya pili zaidi kuliko wenzao, hasa walioanza wakiwa na seleniamu nyingi kwenye damu.

Penye upungufu wa iodini, yaani madini joto, rekebisha iodini kwanza au vyote kwa pamoja. Kumpa seleniamu peke yake mtu aliyepungukiwa vyote viwili kunaweza kuidhoofisha zaidi thairoidi, kama ilivyoonekana kaskazini mwa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Wanaosafishwa damu kwa mashine, wanaoishi na VVU, wanaolishwa kwa mshipa muda mrefu na wenye magonjwa ya utumbo ya kutofyonza chakula wapimwe damu badala ya kubahatisha. Mikrogramu 80 au zaidi kwa lita ya plazima, yaani majimaji ya damu, kwa kawaida hutosheleza. Kipimo kisifanyike ukiwa na homa au maambukizi, kwani hali hiyo hushusha namba hata kama akiba haijapungua. Na chupa ikae juu, pasipofikiwa na mtoto: kikomo cha mtoto wa miaka miwili ni mikrogramu 90, na kidonge kimoja cha 200 kinakipita mara mbili.